Lenzi Iliyowafuta Wakwe

Nilisafiri hadi Lubumbashi kwa sababu wakwe wa mdogo wangu hawakuonekana kwenye picha za arusi. Walikuwepo. Walikula, waliimba, walicheza mpaka vumbi la ua likawafikia wazee waliokaa kwenye viti vya mbele. Lakini katika kila picha ya kundi niliyopiga siku ile, ukoo wetu, uliosimama upande wa kulia, ulitoka safi hata vifungo vya mashati vikaonekana. Ukoo wa bwana arusi, uliosimama kushoto, ulitoka kama watu wanaotazamwa kupitia dirisha lenye mvuke.

Mpiga picha ni mimi. Bibi arusi, Beatrisi, ni mdogo wangu, tumbo moja. Kama angekuwa mtu baki, jambo lingeishia kwenye kurudishiana pesa na kununiana.

Mama Ngoie, mama mzaa bwana arusi, alikuja studio kwangu karibu na gari ya Kamina, kama tunavyoita stesheni. Ni mjane wa dereva wa treni, na sijawahi kumsikia akipaza sauti. Aliiweka picha mezani, akaigeuza ili niione vizuri.

"Georgette," alisema, "bantu ba upande yenu bote beko clair. Ba upande yetu bote beko flou. Objektifu inajuaka nani njo bukwe?"

Clair ni safi, flou ni ukungu, na objektifu ni jina letu la lenzi, kile kioo cha mbele ya kamera. Nilitaka kumjibu kwamba lenzi haiwezi kujua nani ni mkwe na nani si mkwe, lakini picha ilikuwa mezani na ilionyesha kwamba inajua. Nikamwambia nitaichunguza. Akaniambia niichunguze vizuri, akaenda zake.

Wiki zilizofuata, Beatrisi alikuwa akinipa habari. Anaishi na mume wake katika ua mmoja na mama mkwe. Bukari, yaani ugali, ikiwa tayari, alikuwa akiitwa kwa sauti kutoka ng'ambo ya ukuta, bila jina. Kanisani Mama Ngoie alihama benchi. Ukoo ule ulikuwa umekubaliana kwamba baba yetu, ambaye ni karani mstaafu na ana tabia ya kusahihisha Kifaransa cha watu, alinituma niwafanye wadogo mbele ya mji. Na Beatrisi alikuwa na mimba iliyokuwa tayari inaonekana, lakini mama mkwe hakuwa amemuuliza hata mara moja kama amelala vizuri.

Nilizirudia picha zote nilizopiga tangu niliponunua lenzi ile. Kwaya ya kanisa: sauti ya kwanza, kushoto, ukungu. Mkutano wa walimu: wale wa kushoto, ukungu. Hakuna aliyelalamika. Wanakwaya walidhani wale wa sauti ya kwanza wanatikisika wanapoimba, na walimu walidhani ni jua. Basi nikaenda kwenye ukuta wa matofali wa ghala la zamani, nikaupiga picha, halafu nikaigeuza kamera chini juu nikaupiga tena. Ukungu ukahamia upande wa pili wa ukuta. Kwa hiyo si ukuta wenye ugonjwa, ni lenzi.

Nilimwendea Mama Ngoie na uthibitisho huo. Akatazama matofali, akaniuliza kama sasa nageuza kamera chini juu ili wao waamini. Nikaona sina budi kwenda Lubumbashi, kwenye duka nililoinunua, nirudi na lenzi nzima, na ikiwezekana na maelezo.

Siku ya safari, treni iliyotangazwa ya asubuhi iliondoka jua likiwa limeshaanza kushuka. Hakuna aliyeshangaa. Nilipata nafasi karibu na dirisha, kati ya magunia ya mahindi na mama mmoja mnene aliyekuwa akipeleka mafuta ya mawese kwa binti yake Likasi. Aliona jinsi nilivyokumbatia mkoba, akaniuliza nimebeba nini. Nikamwambia nimebeba lenzi inayougua, naipeleka mjini. Akaniuliza inaumwa wapi. Nikasema upande wa kushoto. Akatikisa kichwa, akasema upande wa kushoto ni mbaya, marehemu kaka yake alianzia huko huko.

Kabondo-Dianda, wanawake walikuja madirishani na samaki wa kukaushwa na karanga za kuchemsha. Tulikaa pale muda mrefu kuliko bidhaa zao, mpaka wakabaki wanatutazama tu mikono mitupu. Nilipiga picha ya mstari wa mabeseni yao. Mabeseni ya kulia ungeweza kuhesabu samaki. Ya kushoto yangeweza kuwa na kitu chochote.

Bukama, tulivuka Lualaba. Nimevuka daraja lile tangu nikiwa mtoto na bado huwa nasimama. Mto ulikuwa mpana, rangi ya chai ya maziwa, na mitumbwi ilikuwa chini kando ya matete. Nikainua kamera. Katika picha, daraja lilikuwa zima upande wa kulia, na upande wa kushoto liliingia katika kitu kisichokuwa maji wala mbingu. Mama wa mawese alichungulia kioo cha nyuma ya kamera, kisha akatazama nje kuhakikisha kwamba daraja bado lipo.

Tenke, kichwa cha treni kilifunguliwa kikaenda kufanya kazi nyingine. Tulilala pale. Kesho yake kilirudi, kikatuvuta kupitia Likasi, ambako mama wa mawese aliteremka na kuniombea lenzi yangu ipone. Lubumbashi tulifika jioni, tukiwa na rangi moja wote, rangi ya vumbi la njiani.

Nilifikia kwa tantine Mado, dada mdogo wa mama yangu. Mume wake, tonton Mukalay, anatengeneza miwani. Zamani alifundisha fizikia, na hajaacha. Kabla sijamaliza sombe yangu, kile kisamvu cha tantine, alikuwa ameshaitoa lenzi kwenye mkoba na kuishika chini ya balbu ya sebuleni.

Alinionyesha jambo ambalo nimelitumia tangu siku ile. Ukiishika lenzi ili mwanga wa balbu uingie ndani yake, unaona vitone vya mwanga vingi, kimoja nyuma ya kingine, kwa sababu ndani hakuna kioo kimoja, kuna vioo kadhaa vilivyopangwa kama sahani, na kila kioo kinarudisha balbu yake. Vioo vikikaa sawa, vitone vinakaa mstari mmoja. Katika lenzi yangu, vitone vyote vilijipanga isipokuwa kimoja, kilichosimama pembeni kama mtu aliyegombana na wenzake.

"Kioo kimoja kimekaa upande," tonton alisema. "Kidogo sana. Unywele ni munene kuliko hapo."

Nilimuuliza kama niliiangusha bila kujua. Akaizungusha, akaangalia pete za chuma na skrubu, akasema hapana, hakuna alama ya kuanguka. Ilizaliwa hivyo. Akanieleza kwamba kiwandani hakuna vitu viwili vinavyotoka sawasawa kabisa. Kiwanda kinajiwekea mpaka: ikipotoka mpaka hapa, inapita, ikizidi, inarudi. Viwanda vya lenzi ghali vinapima kila moja na kuirekebisha. Viwanda vya lenzi kama yangu vinachukua chache katika shehena, vinazipima, na zilizobaki zinasafiri kwa imani. Nikamuuliza basi, kama zote zina jina moja, boksi moja na picha moja kwenye boksi, mtu atajuaje anachonunua? Akasema hawezi kujua. Anajua akishanunua. Tantine Mado akasema na waume wanapatikana kwa njia hiyo hiyo, akaondoa sahani.

Asubuhi nilikwenda dukani. Mwenye duka anaitwa Kalenga, na wafanyakazi wake wanamwita Patron hata akiwa hayupo. Ni mtu mkubwa wa mwili, mwenye suti safi, anayependa kusimama mlangoni ili barabara imwone. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema lenzi haikuvunjika, inafunga, inafunguka, inapiga picha, na kitu ambacho hakikuvunjika hakibadilishwi. Pia alisema zote zimetoka carton moja, kwa hiyo zote ni sawa, kwa hiyo hata akinibadilishia nitapata ile ile.

Sikubishana. Nilimwomba ruhusa nipige picha ya duka lake kama kumbukumbu. Alikubali mara moja. Aliwapanga wafanyakazi wake wawili na mlinzi mbele ya ukuta wa vigae, naye akajiweka mwisho wa mstari, mkono mmoja kiunoni, hatua moja mbele ya wengine. Huo mwisho aliouchagua ulikuwa wa kushoto. Sikumwambia kitu.

Alipoiona picha, aliikuza, akaipunguza, akaikuza tena. Mlinzi, upande wa kulia, alionekana mpaka makovu ya chanjo. Patron alikuwa suti isiyo na uso.

"Unipige tena," alisema.

Nilimpiga tena. Akatoka vilevile. Nikamwomba ahamie kulia, mlinzi aje kushoto. Safari hii Patron alitoka vizuri sana na mlinzi akapotea. Halafu akamwambia mfanyakazi alete boksi zote za lenzi ile zilizobaki.

Zilikuwa nne, mihuri yake haijafunguliwa. Tulifunga ya kwanza kwenye kamera, wote wakarudi ukutani, Patron tena kushoto. Alionekana vizuri, lakini mfanyakazi wa kulia aliingia ukungu. Ya pili ilionyesha katikati tu, kingo zote mbili zikawa laini kama ugali wa jana uliotiwa maji. Ya tatu iliwaonyesha watu wote miguu na kuwanyima paji la uso. Zote zilikuwa na jina moja na picha moja juu ya boksi. Patron alikuwa ameacha kusema kwamba zote ni sawa, na alianza kukasirika, si juu yangu, bali juu ya boksi. Watu wa barabarani walikuwa wamesimama mlangoni. Wengine walidhani duka linafungwa na hii ni picha ya kuagana.

Ya nne iliwaonyesha wote. Kulia, kushoto, juu, chini, vigae nyuma yao vimenyooka kona hadi kona. Nilishika lenzi ile chini ya taa ya duka kama tonton alivyonifundisha. Vitone vilikaa mstari mmoja.

Patron alisema nichukue hiyo na niende kabla sijamfungulia boksi la kitu kingine. Akaifuta lenzi yangu ya zamani kwa kitambaa, akaitia katika boksi lile la nne, akabandika muhuri upya kwa utepe safi. Mteja mmoja alikuwa ameingia wakati tukipanga vitu, mtu mwembamba mwenye kofia ya jua, akauliza kama lenzi za aina ile bado zipo. Patron akamsogezea boksi lenye lenzi yangu.

Lenzi nzuri ilikuwa bado juu ya kaunta, karibu na mkono wa Patron kuliko wangu. Alinitazama, mimi nikamtazama. Nilimfikiria Beatrisi akiitwa bila jina kutoka ng'ambo ya ukuta. Nilijua vizuri kwamba nikinyamaza dakika chache tu, nitatoka pale na kila kitu nilichokijia.

Nilimuuliza yule mteja anatoka wapi. Akasema anaitwa Ilunga, ni mwalimu, anatoka Mulongo. Nikafikiria njia ya Mulongo: mtumbwi, kisha lori kama lipo, kisha treni kama ipo. Mtu wa Mulongo harudishi kitu dukani. Akinunua, amenunua.

"Mwalimu," nikamwambia, "hiyo ilikuwa yangu. Iko mubaya upande ya kushoto."

Patron aliichukua lenzi nzuri kutoka kaunta, akaishika mkononi. Wafanyakazi wake wakaanza kufuta vioo vilivyokuwa safi. Nikajiuliza nitamwambia nini Mama Ngoie.

Mwalimu Ilunga hakuharakisha. Aliniuliza mbaya kiasi gani, nikamwonyesha. Akaniuliza katikati je. Nikamweka katikati, nikampiga yeye peke yake na lenzi yangu ya zamani. Kope zake zote zilionekana, na hata uzi uliofumuka kwenye kofia. Akasema wanafunzi wake wa mwaka wa mwisho wanahitaji picha za kadi, na mpaka sasa wanasafiri mbali kuzipata, wengine wanazama mtoni na nguo zao nzuri kabla hawajafika. Kadi ni uso mmoja katikati. Kingo zinakatwa kwa mkasi. Akamgeukia Patron, akasema ataichukua hiyo hiyo, lakini si kwa bei ya nzima. Walizungumza pembeni, kwa muda mrefu. Mwishowe Patron alirudi, akaiweka lenzi nzuri mbele yangu, akasema mimi si mtu wa biashara.

Mwalimu aliniuliza jambo moja tu kabla ya kuondoka: siku ya picha ya shule nzima afanye nini? Nikamshauri apange wanafunzi katikati na kulia, na kushoto aweke watu wasiohitaji kuonekana. Alifikiri kidogo, akasema atamweka mkurugenzi wa shule.

Kurudi kulikuwa na mvua toka Likasi mpaka Luena. Ilikuwa safari ndefu, na ndani yake niligundua jambo ambalo mtu mwenye akili angeligundua dukani: niliiacha lenzi mbaya. Ushahidi wangu ulikuwa njiani kwenda Mulongo kwa mtumbwi. Mama Ngoie angeona tu kwamba nimerudi na kioo kipya na hadithi.

Kamina, sikupita nyumbani. Nilipanda moto, yaani pikipiki ya kukodi, moja kwa moja hadi uani kwao, na vumbi langu lote. Mama Ngoie alikuwa akichambua maharage. Nilimweleza kuhusu kiwanda, vioo vinavyopangwa kama sahani, kimoja kilichokaa upande. Alisikiliza. Akauliza iko wapi sasa hiyo mbaya. Nikasema imekwenda Mulongo. Akasema, "Ah," akaendelea na maharage.

Nilikuwa naondoka nilipokumbuka kwamba kwenye kamera sikufuta kitu. Nikamletea picha za dukani, nikakaa kwenye kigoda kando yake. Alijifuta mikono, akavaa miwani, akaanza kuzipitia moja moja, taratibu.

"Uyu papa wa suti njo nani?"

"Njo patron wa magazini."

"Mulikuwa mumekosana?"

"Ile saa, bado."

Akatazama tena yule mtu mkubwa asiye na uso. "Ni bukwe ya nani?"

"Kwetu hapana bukwe yake."

Akaenda kwenye picha iliyofuata, ambayo Patron amehama na mlinzi amepotea. Kisha ile ya lenzi nyingine, iliyomfuta mfanyakazi wa kulia. Kisha ile isiyo na mapaji ya uso. Aliuliza habari za kila mtu aliyepotea, kabila lake, kama ameoa, kama alijua atapotea. Nilimjibu nilichokijua. Mwishowe alivua miwani.

"Basi haina roho mubaya," alisema. "Iko tu mubaya."

Jumapili baada ya kanisa, koo zote mbili zilivaa tena nguo za arusi. Gauni la Beatrisi halikufunga tena, kwa hiyo alivaa kikwembe, kitenge cha kujifunga. Niliwapanga kama mwanzo, sisi kulia, wao kushoto, maarusi katikati. Nilipoinua kamera, Mama Ngoie aliinua mkono nisubiri. Akamwita Beatrisi kwa jina lake. Akamwambia atoke katikati, aje kusimama kwake, mwisho kabisa wa kushoto.

Mtu wa kwetu akauliza kwa nini bibi arusi awekwe pembeni.

"Huyu ni wa upande yetu," Mama Ngoie alisema. "Kama tunapotea, tutapotea naye."

Baba yangu alifungua mdomo kusahihisha kitu, kisha akaufunga. Nikapiga.

Safari ile ilinifundisha kwamba jina juu ya boksi ni jina la familia, si la mtoto. Siku hizi nikinunua lenzi, nabeba balbu yangu na natafuta ukuta kabla sijatoa pesa, na wauza maduka hawanipendi. Nimejifunza pia kuisoma picha kuanzia kingo, kwa sababu katikati kila mtu anatazama. Jioni ile nilianza na ukingo wa kushoto. Nikaona kitu ambacho sikukiona nilipokuwa nyuma ya kamera: Mama Ngoie anatazama mbele kwa uso mkavu kama kawaida yake, na mkono wake umewekwa juu ya tumbo la Beatrisi, wazi kabisa, vidole vyote.